Nani kampa ruhusa ya kufungua begi lako?

Leo tuongee kuhusu jambo ambalo kila aliyewahi kupanda ndege amelifanya bila kuuliza. Ukifika uwanja wa Julius Nyerere pale Dar, au Jomo Kenyatta kule Nairobi, unatoa simu na funguo mfukoni, unavua mkanda, unasukuma begi liingie kwenye mashine, halafu unapita langoni. Lango likilia, mkaguzi anakwambia nyoosha mikono, nawe unanyoosha. Hajakuonyesha hati ya mahakama. Hana sababu yoyote ya kukushuku. Hata jina lako hana haja nalo.

Sasa fikiria polisi anagonga mlango wa nyumba yako saa mbili usiku na kutaka kupekua kabati la nguo. Hata mtu ambaye hajawahi kushika kitabu cha sheria atauliza: hati iko wapi? Kwa nini basi tunakuwa wakali sebuleni na wapole uwanja wa ndege?

Jibu la haraka ni "usalama". Sawa, lakini usalama ni sababu, si mamlaka. Mamlaka lazima yatolewe na mtu fulani, siku fulani, kwa sheria fulani. Na hapa kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: nani ana uwezo wa kuamuru upekuzi? La pili: nani ana uwezo wa kuufanya kwa mikono yake? Mara nyingi hao si mtu mmoja, na katika pengo lililo kati yao ndipo haki ya abiria hupotelea. Ili kuliona pengo hilo vizuri twende Marekani, kwa sababu huko ubishi huu ulifika mahakamani mapema na hukumu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Nyumbani tutarudi baadaye.

Wengi hudhani mambo haya yalianza Septemba 11, 2001. Siyo kweli. Siku ile minara ya New York inaanguka, upekuzi wa abiria wote Marekani ulikuwa umeshatimiza miaka 28.

Sheria isiyo na macho

Mei 1, 1961, abiria mmoja alipanda ndege ya shirika la National Airlines huko Florida, safari fupi ya kwenda Key West. Angani akatoa silaha na kumlazimisha rubani ampeleke Cuba. Miezi minne baadaye, Septemba 5, Rais John Kennedy alitia saini sheria iliyofanya utekaji wa ndege kuwa kosa la serikali kuu, na adhabu yake ikaweza kufika hadi kifo. Sheria hiyo hiyo ilikataza mtu kupanda ndege akiwa na silaha aliyoificha.

Tatizo ni kwamba sheria ilikataza bastola lakini haikuweka mtu wa kuitafuta. Abiria aliendelea kununua tiketi na kutembea hadi kwenye ndege bila mtu kumgusa, utadhani anapanda basi la kwenda Morogoro.

Kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni biashara. Mashirika ya ndege yaliogopa kwamba ukianza kumpapasa mteja, mteja atapanda treni. Ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ni Katiba. Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanawakinga watu dhidi ya upekuzi usio wa haki, wao wenyewe, nyumba zao, karatasi zao na mali zao. Chimbuko lake ni hasira ya enzi za ukoloni, pale maofisa wa forodha wa Mwingereza walipokuwa na hati za jumla zilizowaruhusu kuingia popote kusaka magendo, bila kutaja wanamtafuta nani. Kwa maneno mengine, kumpekua kila mtu bila kumshuku yeyote ni kitu ambacho taifa lile lilizaliwa likikichukia.

Basi wakaacha. Na watekaji hawakuacha. Kati ya mwaka 1968 na 1972 ndege zaidi ya 100 za Marekani zilitekwa au kujaribiwa kutekwa. Mwanzoni wengi walitaka tu kufika Havana, na ikafika mahali marubani wa safari za ndani wanabeba ramani za kutua Cuba, iwapo tu. Baadaye likaja wimbi la wanaotaka fedha. Novemba 24, 1971, mtu aliyenunua tiketi kwa jina la Dan Cooper aliteka ndege kati ya Portland na Seattle, akalipwa dola 200,000, akaruka kwa parachuti usiku kwenye mvua. Hajapatikana mpaka leo.

Jaribio la kuchagua wa kumshuku

Kabla ya kufika kwenye kupekua kila mtu, walijaribu njia ya katikati. Mwaka 1969 kikosi cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, FAA, akiwemo mwanasaikolojia John Dailey, kilitengeneza orodha ya tabia za watekaji. Wafanyakazi wa kaunta walitakiwa kumtazama abiria kimyakimya wakilinganisha na orodha. Aliyefanana nayo na kulizia mashine ya kutambua vyuma ndiye aliyehojiwa, na ikibidi kupekuliwa. Shirika la Eastern Air Lines lilikuwa la kwanza kuijaribu.

Kwenye karatasi ilikuwa nzuri: wengi wanapita, wachache wanaulizwa. Lakini angalia ilivyokuja kuharibika. Mwaka 1971, katika kesi ya Serikali ya Marekani dhidi ya Lopez, Jaji Jack Weinstein wa mahakama ya shirikisho huko New York alikuwa mbele ya mtu aliyepekuliwa uwanjani na kukutwa na heroini, wala si bastola. Jaji alikubali kwamba mfumo wenyewe, ukifuatwa kama ulivyoandikwa, haukiuki Katiba. Ila ushahidi ukaonyesha kwamba ofisa wa shirika la ndege alikuwa ameibadilisha orodha kwa utashi wake. Alipunguza kigezo kimoja na kuingiza kingine cha kabila na asili ya mtu. Jaji akautupa ushahidi wa heroini nje.

Hapo kuna somo la kwanza. Aliyeamuru alikuwa serikali, aliyetekeleza alikuwa mfanyakazi wa kampuni, na kati yao amri ilibadilika sura. Amri iliyosema "tazama tabia" ilifika kaunta ikiwa "tazama sura". Ndugu zetu wenye majina ya Kiislamu na pasipoti za Kiafrika wanajua hali hiyo bila kuhitaji jaji awaeleze.

Saa 30 zilizobadilisha kila kitu

Novemba 10, 1972, wanaume watatu waliteka ndege ya Southern Airways, safari namba 49, baada ya kuondoka Birmingham, Alabama. Walidai dola milioni 10. Ndege ikazungushwa kwa takriban saa 30, na wakati fulani watekaji wakatishia kuiangusha juu ya kituo cha nyuklia cha Oak Ridge, Tennessee. Wakapewa kama dola milioni 2. Kule Orlando maofisa wa FBI walipiga risasi matairi, lakini ndege ikaruka hivyo hivyo na hatimaye ikatua Havana kwa tabu.

Mpaka siku hiyo ndege iliyotekwa ilionekana kama hasara ya walio ndani. Oak Ridge iliwaonyesha wakubwa kwamba ndege ni bomu linaloweza kuangukia mtu ambaye hata tiketi hakununua. Tarehe 5 Desemba FAA ikatoa amri ya dharura, na kuanzia Januari 5, 1973, kila abiria na kila begi la mkononi vikawa vya kukaguliwa kabla ya kupanda. Februari viwanja vikatakiwa kuweka polisi wenye silaha kwenye maeneo ya ukaguzi.

Nani aliamuru? Idara ya serikali, kwa kanuni ya dharura. Bunge lilikuwa bado halijapitisha sheria yoyote inayosema neno "mpekue kila mtu". Ilichukua miezi 19 mpaka Rais Richard Nixon alipotia saini sheria ya kuzuia utekaji wa ndege, Agosti 5, 1974, siku nne kabla ya yeye mwenyewe kuondoka madarakani kwa kashfa ya Watergate. Kwa miezi hiyo yote 19 mamilioni ya watu walinyoosha mikono kwa nguvu ya kanuni ya ofisi.

Ni kweli ilifanya kazi. Utekaji wa ndege za Marekani uliporomoka mwaka 1973 hadi ukawa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ingawa makubaliano ya Marekani na Cuba ya Februari mwaka huo, kuhusu kuwashughulikia watekaji, nayo yalichangia. Hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba jambo linaloweza kuwa jema linahitaji bado mtu wa kuuliza limesimama juu ya nini.

Bei ya ruhusa

Aliyeuliza alikuwa abiria aitwaye Davis. Mwaka 1971, uwanja wa San Francisco, mfanyakazi wa shirika la ndege la TWA alipekua mkoba wake na kukuta bastola yenye risasi. Akashtakiwa kwa ile sheria ya 1961. Mwaka 1973 rufaa yake ikafika Mahakama ya Rufaa ya Tisa, na hukumu iliyotoka ndiyo iliyoweka msingi ambao mahakama nyingi zingine ziliufuata.

Serikali ilikuwa na hoja tamu. Aliyefungua mkoba ni mfanyakazi wa kampuni binafsi, na Katiba inaifunga serikali, haimfungi karani wa TWA. Majaji wakaikataa. Walisema serikali ndiyo iliyobuni mpango huu, ndiyo iliyousukuma na kuusimamia, hivyo mkono wa karani ulikuwa mkono wa serikali. Huwezi kuamuru jambo kisha ukajificha nyuma ya mtu uliyemtuma.

Kisha wakajibu swali la pili: je, kupekua bila hati na bila shaka kunaruhusiwa? Ndiyo, wakasema, kwa sababu huu si upekuzi wa kusaka mhalifu ili ashtakiwe. Ni ukaguzi wa kiutawala, kama ule wa bwana afya anayekagua mgahawa, wenye lengo la kuzuia silaha zisipande ndege. Lakini waliweka bei. Upekuzi usizidi ule unaohitajika kugundua silaha na mabomu. Na abiria awe na uchaguzi: akiona hataki kupekuliwa, ageuke aende zake, asipande. Kesi wakairudisha mahakama ya chini itazame kama Davis alikuwa ameridhia.

Sheria ya 1974 ilichukua mkondo huo huo. Iliamuru abiria wote wakaguliwe kwa vifaa, ikasema wakaguzi wawe waajiriwa au mawakala wa mashirika ya ndege, na ikataka mashirika yakatae kumbeba mtu asiyekubali kupekuliwa. Adhabu ya kukataa, basi, ni kubaki chini. Si kukamatwa.

Kwangu mimi mpango ule ulikuwa na heshima fulani. Serikali haikusema "tuna haki ya kukupekua". Ilisema "ukitaka kuruka, ukubali". Ridhaa ilikuwa nyembamba, tena kwa mtu anayekimbilia msiba ni nyembamba kama karatasi, lakini ilikuwepo.

Mkono wa bei rahisi

Turudi kwenye anayetekeleza. Mashirika ya ndege yaliachiwa gharama, na ukimwachia mfanyabiashara gharama unajua atakachofanya. Wakaajiri kampuni za ulinzi zenye bei ya chini. Mwaka 2000 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti kwamba katika viwanja vingi vikubwa wakaguzi walikuwa wakiacha kazi kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka. Yaani kwa hesabu, kituo kizima kilibadilisha watu ndani ya mwaka na bado wengine wakaongezeka. Wengi walilipwa dola 6 hivi kwa saa, chini ya wauza vyakula vya haraka waliokuwa jengo hilo hilo.

Asubuhi ya Septemba 11, 2001, watekaji 19 walipita mikononi mwa wakaguzi wa aina hiyo. Na ni haki kuwatetea wakaguzi wale kidogo: kanuni za wakati huo ziliruhusu visu vyenye makali yasiyofika inchi 4. Baadhi ya watekaji walichaguliwa na mfumo wa kompyuta kwa uangalizi zaidi, lakini kanuni ilitaka kitu kimoja tu, kwamba mabegi yao ya chini yasipakiwe mpaka wenyewe wapande. Wakapanda. Aliyeamuru ndiye aliyekosea, anayelipwa dola 6 ndiye aliyelaumiwa.

Novemba 19, 2001, Rais George W. Bush alisaini sheria iliyoanzisha TSA, mamlaka mpya ya usalama wa usafiri, na ndani ya mwaka mmoja wakaguzi wakawa waajiriwa wa serikali karibu kila uwanja. Kwa mara ya kwanza aliyeamuru na aliyepekua wakawa nyumba moja. Hata hivyo mkaguzi wa TSA si polisi. Hana uwezo wa kukukamata. Akikuta kitu anaita polisi.

Lakini bei ile ya 1973 ikaanza kushuka. Mwaka 2007 Mahakama ile ile ya Tisa iliamua kesi ya Aukai, abiria wa Honolulu aliyepita kwenye lango la vyuma bila tatizo, akachukuliwa kwa ukaguzi wa ziada kwa kuwa hakuwa na kitambulisho, kisha katikati ya ukaguzi akasema hataki tena kusafiri, anataka kuondoka. Wakaendelea, wakamkuta na dawa za kulevya. Majaji walisema ukishaanza kuingia kwenye ukaguzi, huwezi kubadili mawazo. Wakaenda mbali zaidi: uhalali wa upekuzi huu hautegemei ridhaa hata kidogo, na hukumu zao za nyuma zilizosema vinginevyo wakazifuta kwa kiasi hicho. Hoja yao ina mantiki. Mlango wa kutokea ukiwa wazi muda wote, gaidi atajaribu leo, akikaribia kugundulika ataondoka, na kesho atarudi. Hata hivyo "ukubali au ubaki" ilizaliwa kama haki ya raia, na ndani ya miaka 34 ikawa upenyo wa kuzibwa.

Kuna upande mmoja ambao raia walishinda. Baada ya kijana mmoja kujaribu kulipua ndege ya Detroit kwa bomu la kwenye nguo ya ndani, Desemba 25, 2009, TSA ilisambaza kwa kasi mashine zinazoona umbo la mwili chini ya nguo. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Washington ilisema mashine hazivunji Marekebisho ya Nne, lakini TSA ilikosea kuzitumia kwa abiria wote bila kwanza kutangaza kanuni na kusikiliza maoni ya wananchi kama sheria inavyotaka. Somo: hata mwenye haki ya kuamuru ana utaratibu wa kuamuru.

Na sisi je?

Mambo haya hayakubaki Marekani. Machi 22, 1974, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilipitisha Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, kinachohusu usalama dhidi ya watekaji na wahujumu. Nchi wanachama, Tanzania na Kenya zikiwemo, zinabanwa na viwango hivyo. Ndiyo maana lango la Mwanza linafanana na la Mombasa na la Miami.

Na hatukuwa watazamaji tu. Februari 26, 1982, ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 737 ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens mpaka Stansted, Uingereza, watekaji wakidai Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa na vijana watatu waliotaka kwenda Australia. Mafuta yakaisha, ikaanguka baharini Comoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, akiwemo Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya 1984. Na silaha zao? Shoka na mtungi wa kuzimia moto walivikuta ndani ya ndege. "Bomu" lilikuwa chupa ya pombe. Upekuzi mkali kiasi gani ungezuia hilo? Ni vizuri kukumbuka hili kila mara mtu anapotuambia kwamba tukikubali kupapaswa zaidi tutakuwa salama kabisa.

Sheria zetu nazo zinasema. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake, na Ibara ya 24 inaruhusu haki hiyo kupunguzwa kwa sheria tu, tena kwa kiasi kinachokubalika. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda nafsi na maisha binafsi ya mtu, na inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria wa lini, vipi na kwa kiasi gani faragha hiyo inaweza kuingiliwa. Ukizisoma vizuri, katiba zote mbili zinasema kitu kimoja: mtu anaweza kukupekua, ila awe ametumwa na sheria, na asivuke pale sheria ilipomwambia asimame.

Kwa hiyo sisemi ugome langoni. Nyoosha mikono, wenzako wana safari. Lakini ukiona upekuzi umehama kutoka kutafuta silaha na kuwa kuuliza una dola ngapi, au foleni ya watu wote inapita na wewe peke yako unatolewa kwa sababu ya jina, jua kwamba hapo umevuka mpaka wa ile ruhusa. Uliza kwa upole: hii ni amri ya nani, na imeandikwa wapi? Mkaguzi anaweza asijue jibu. Aliyemtuma lazima alijue.